Shajara ya mradi: kinyago tulichokichonga kikatutisha

Wiki ya 3

Uso wa Binti Nahodha, mhusika mkuu wa gemu yetu, umekamilika, au niseme nimeuachia hapo kwa sababu macho yameniishia. Poligoni (vipande bapa vinavyounganishwa kuwa umbo) 38,000, teksicha (picha zinazovikwa juu ya umbo) nne za pikseli 4096 kila moja, vinyweleo vya shavuni, vimishipa vyekundu kwenye weupe wa jicho. Siku 19 za kazi, mbili kati yake zimeliwa na umeme.

Kwa anayeifungua shajara hii leo: tuko wanne, chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na tunatengeneza gemu ya RPG, zile ambazo unavaa uhusika wa mtu, unapewa safari, unapanda levo na unaongea na kila unayekutana naye hadi muuza maji. Mji wetu ni wa kubuni, ila mifupa yake tumeiazima Kilwa Kisiwani ya karne ya 14: nyumba za mawe ya matumbawe, sarafu za shaba, mitepe, vyombo vya bahari vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, na jumba kama Husuni Kubwa likiangalia bahari kutoka juu ya genge. Msafiri Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331. Sisi tunaanza miaka michache baadaye, ili asije akatusahihisha.

Sanaa ya wahusika tulikubaliana tangu siku ya kwanza: uhalisia. Hoja ilikuwa yangu na niliitetea kwa nguvu. Mtu mweusi kwenye gemu nilizokua nazo, kule kwenye banda la pleystesheni la shilingi mia mia, alikuwa mpiga ngumi au mchekeshaji. Nilitaka mmoja aliye na matundu ya ngozi.

Wiki ya 4

Luku, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Hakuna la kuandika.

Wiki ya 5

Dogo wa uhuishaji amemtia Binti mifupa ya usoni na kumpa sentensi yake ya kwanza: "Mtu wangu, mbona umechelewa?" Tumeirudia mara arobaini hivi na bado kuna kitu hakikai.

Mwishowe tumekiona kwa kupunguza kasi. Programu inayosikiliza sauti na kuendesha midomo yenyewe inalichukulia "m" la "mtu" kama herufi ya kupita tu. Kwetu "m" hilo ni silabi nzima: midomo inafungwa, inakaa, ndipo "tu" inatoka. Binti yeye anaigusisha midomo kidogo na kuachia, kama mtu anayejaribu pipi ya moto. Sikio linasikia Kiswahili na jicho linaona kitu kingine. Dogo anarekebisha kwa mkono, sentensi kwa sentensi. Hadithi yetu ina sentensi zaidi ya 2,000.

Wiki ya 6

Shangazi amekuja na vitumbua. Nikamwamkia, akaitikia, nikamkalisha kwenye kiti kizuri (tunacho kimoja) nikamwonyesha Binti akigeuza shingo na kupepesa macho. Nilitegemea atasema anafanana na fulani wa ukoo wetu.

Akatazama muda mrefu. Kitumbua kikabaki mkononi.

"Baba, huyu mmemwangalia miguuni?"

Dogo alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kibodi. Kwa asiyekulia pwani: jini akitaka kukupata huja kwa sura ya mwanamke mzuri, kila kitu kimepangika, na usalama wako ni kutupa jicho chini, maana kwato hazifichiki. Shangazi hakuwa akitania sana. Alipokuwa anashuka ngazi akaniambia taratibu kwamba macho ya yule binti ni ya maiti aliyefumbuliwa.

Wahenga wanasema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Usiku nimebaki peke yangu nikazima taa, nikamwacha Binti kwenye skrini apepese macho. Nimewasha taa baada ya dakika mbili.

Wiki ya 7

Wiki ya mabishano. Kodi haijaandikwa hata mstari (kodi ya kompyuta, ya nyumba ndiyo kabisa).

Mwandishi wetu wa hadithi ndiye aliyeleta habari za Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani. Mwaka 1970 Mori aliandika kwamba kadiri roboti linavyofanana na mtu ndivyo tunavyolipenda, hadi linapokaribia kabisa kuwa mtu. Hapo upendo unaporomoka ghafla kwenye bonde, na ndani ya bonde hilo aliweka maiti na mkono wa bandia. Kitu kikitembea, bonde linakuwa refu zaidi. Shangazi hajamsoma Mori. Amefika palepale kwa njia ya kwato.

Mwenzetu wa kodi hakutaka kusikia. Akatuwekea gemu mbili za uhalisia, The Witcher 3 ya mwaka 2015 na Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, akauliza bonde liko wapi hapo. Swali la haki. Zile nyuso zinasimama: unaona mtu anameza mate kabla ya kudanganya. Ila kazi zile zimepita mikononi mwa mamia ya watu, na waigizaji waliovishwa vifaa vya kunasa mwendo. Sisi kifaa chetu cha kunasa mwendo ni simu iliyofungwa kwa mpira wa nywele kwenye mguu wa meza.

Na hata wenye mamia ya watu hujikwaa. Mass Effect: Andromeda ilipotoka mwaka 2017, kilichosambaa mitandaoni haikuwa hadithi yake, zilikuwa video za nyuso zake, macho makavu na tabasamu lisilofika mashavuni, hadi yakaletwa masasisho ya kurekebisha macho. Oblivion ya mwaka 2006 ni gemu ninayoipenda, lakini wanakijiji wake wana nyuso za viazi vilivyochemshwa vikasahaulika. Mwaka ule tuliona ni maajabu. Uhalisia una tarehe ya kuharibika, kama maziwa.

Mfano uliotutikisa ni wa Novemba 2004. Mwezi huo zilitoka RPG mbili kubwa za mtandaoni. EverQuest II ikakimbilia uhalisia wa wakati wake na kudai kompyuta za nguvu. World of Warcraft ikachora watu wenye mabega kama mapipa na viganja kama makasia, rangi zimepakwa kwa mkono, ikaendeshwa na kompyuta za kawaida. Hiyo ya pili ilifikisha wanachama milioni 12 mwaka 2010. Sisemi ni kwa sababu ya mabega. Nasema mabega yale yanatazamika hadi leo.

Halafu kuna The Legend of Zelda: The Wind Waker (si RPG kamili, najua, msinitumie matusi). Mwaka 2000 mashabiki walionyeshwa kipande cha Link, shujaa wa gemu za Zelda, mwenye uhalisia akipigana kwa upanga. Mwaka uliofuata wakaonyeshwa Link wa katuni mwenye macho kama visahani, wakapiga kelele kwamba wamedhihakiwa. Gemu ikatoka Japani Desemba 2002. Nimeiwasha jana kwenye laptopu ya dogo na bahari yake bado inanukia chumvi.

Tumelala bila uamuzi.

Wiki ya 9

Nimekwenda Mwenge kwa wachongaji, na nikiri kwamba nilikuwa nakimbia ofisi tu.

Tatizo lililonisumbua wiki nzima ni ngozi. Binti kwenye jua anapendeza. Akiingia ndani ya nyumba ya mawe anakuwa wa majivu, kama aliyetoka kupaka chaki. Nilikuwa nikiipandisha rangi ya ngozi ili uso uonekane gizani. Kila nikiipandisha, majivu yanazidi.

Mzee mmoja alikuwa anamalizia kichwa cha mpingo, mtindo ule Wamakonde wanaouita binadamu: mtu kama mtu, na mikunjo ya shingo. Pembeni yake kulikuwa na mashetani, jicho moja limeteremka hadi shavuni, sikio limegeuka mkono, na mnara mrefu wa ujamaa, watu wamebebana kama siafu. Mitindo mitatu, mti mmoja, benchi moja. Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo.

Nikaketi kumtazama akisugua kwa msasa laini, kisha kwa nta ya viatu. Kabla ya nta, kichwa kilikuwa bonge jeusi. Pua huioni inaanzia wapi. Alipoanza kusugua paji, mstari mmoja mwembamba wa mwanga ukatokea juu ya nyusi, ukafuatiwa na mwingine kwenye mfupa wa shavu, kisha nukta kwenye ncha ya pua. Uso ukajitokeza kutoka kwenye weusi, na weusi wenyewe haukupungua hata chembe. Kila baada ya muda alikigeuza kidogo kuelekea mlangoni na kuutazama mwanga unavyotembea, si mti.

Nikamuuliza kipi kigumu, binadamu au shetani.

"Binadamu ukikosea pua, kila mteja anajua umekosea. Shetani ukikosea, mteja hajui." Akapuliza vumbi. "Lakini mimi najua."

Nimerudi Sinza na daladala nikiwa nimesimama, na nadhani nilikuwa natabasamu maana konda aliniuliza kama nimelipa. Ngozi ya Binti nimeirudisha kwenye rangi yake, kahawia iliyoiva yenye wekundu kwa mbali. Nikaongeza mng'ao kwenye paji, pua na mashavu, na taa moja ya bluu kutoka upande wa bahari. Majivu yameondoka. Muda wote nilikuwa natafuta sura kwenye rangi wakati kwenye ngozi nyeusi sura inasomeka kwenye mng'ao.

Macho bado ya maiti, lakini.

Wiki ya 10

Hesabu, kwa kuwa mwenzetu wa kodi amezidai kwa maandishi. Uso mmoja wa uhalisia, pamoja na midomo ya mkono, ni wiki tatu. Wahusika ni 60. Wiki 180. Dogo atakuwa ameoa na kupata mtoto na mtoto ameanza chekechea.

Na kwenye simu yetu ya majaribio, ile ya memori ya GB 2 tuliyoinunua Kariakoo kwa makusudi kwa sababu ndiyo wanayoshika watu, Binti peke yake anaenda fremu (picha) 11 tu kwa sekunde na kioo kinapata joto la pasi.

Basi. Tunahamia kwenye mtindo. Nimeiandika hapa nisije nikageuka.

Wazo la kwanza la kila mtu Dar, na letu pia, lilikuwa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa mwaka 1968, kwenye vibao vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na hadi leo warithi wake wanapaka pale Morogoro Stores. Rangi bapa, mistari safi, hakuna kivuli cha kukokotoa, simu ingeshukuru. Tulijaribu siku nne. Mbuni na samaki walitoka wazuri mno. Watu walitoka kama mapambo ya mbuga. Mtindo ule mfalme wake ni mnyama, na sisi gemu yetu ni ya watu wanaodanganyana bei. Tumeuachia ukuta wa msikiti wa samaki wa levo ya tatu (usiulize), basi.

Wiki ya 12

Nilidhani mtindo ni kupunguza tu: poligoni chache, macho makubwa, twende. Nikachora wahusika wanane ndani ya siku tatu nikajiona bingwa. Mkusanya ushuru wa forodhani nilimpa midomo minene kama mikate, macho ya kutoka nje, tumbo la pipa. Nilicheka nilipokuwa namchora.

Mwandishi wetu akasimama nyuma yangu.

"Huyu nimeshamwona."

"Wapi?"

"Kwenye vitabu vya wazungu vya miaka ya thelathini."

Akarudi kwenye kiti chake. Nilimtazama mkusanya ushuru wangu kama dakika tano, nikamfuta, na nikawafuta na wengine watano.

Hili limenikaa kooni kuliko suala la macho ya maiti. Nilikimbilia uhalisia ili kuwaepuka wale wapiga ngumi na wachekeshaji wa utotoni, na nilipogeuka nyuma tu, mkono wangu mwenyewe ukawachora. Kutia chumvi kuna njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine, na mkono uliochoka unaifuata.

Jioni tulikaa kibarazani na dogo akaanza kuwaigiza majirani, kama anavyofanya akiboreka. Mwenye nyumba: mikono nyuma, kidevu mbele, hatua fupi za mtu anayehesabu mabati. Mama wa genge: mkono mmoja kiunoni, shingo imelala upande, bei inatoka puani. Tulijua ni nani kabla hajafungua mdomo, na hakugusa midomo ya mtu wala pua ya mtu. Nikaenda kuchukua daftari.

Mkusanya ushuru mpya ana mwili wa kawaida na uso wa kawaida. Kilichotiwa chumvi ni kanzu iliyo ndefu kupita kimo chake, ambayo anaishika kwa vidole viwili isiguse maji, na mkono mwingine ulio wazi muda wote, kiganja juu. Hata akilala.

Wiki ya 13

Nywele. Kwenye uhalisia nilitumia vipande bapa vilivyochapwa nyuzi za nywele, njia inayotumika sana, na inafaa nywele za kuning'inia. Kwenye kipilipili inaleta kitu kama nyasi zilizoungua. Kwa mtindo mpya nimempa Binti twende kilioni: mistari saba, kila mmoja kamba moja iliyochongwa.

Nikampelekea msusi wa jirani aione. Akaangua kicheko na kuwaita wateja.

"Kaka, huyu umemfunga kamba za mbuzi." Akachukua kitana, akampasua njia msichana aliyekaa mbele yake kwa mkia wa kitana, *shraa*, mstari mweupe kutoka utosini hadi kisogoni. "Nywele inaanza nyembamba hapa kwenye nyuzi za paji. Inanenepa katikati. Inaisha nyembamba. Na njia ndiyo inayoonekana, si nywele. Njia ikipinda, umechafua kichwa."

Nimekaa saa mbili kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mistari saba sasa inanenepa na kunyauka, na njia kati yake zimepakwa rangi ya ngozi yenye mafuta, na mng'ao wa mpingo juu yake. Poligoni za kichwa kizima, nywele zikiwemo: 2,900.

Wiki ya 15

Tumewajaza wahusika wote weusi ti, bila uso wala rangi, tukawaonyesha watoto wanne wa mtaani, tuone kama wanatambulika kwa umbo tu. Mvuvi, sawa. Msuka mikeka, sawa. Mkusanya ushuru: "huyu anaomba hela," jambo ambalo kiuhasibu ni sahihi. Mganga walimwita fundi cherehani, anarudi mezani.

Simu ya Kariakoo: fremu 52, Binti na wenzake kumi kwenye soko.

Kuhusu siku mbili kwa mhusika nilizoahidi, ni tano. Kupunguza kunachukua muda kwa sababu kila kinachobaki lazima kijitetee. Wahusika tumewashusha kutoka 60 hadi 41. Mwandishi hanisalimii.

Wiki ya 16

Sanduku la mazungumzo limepata sura: kanga. Pindo pembeni, mji katikati, na maneno ya mhusika yanakaa mahali pa jina. Kanga si ya karne ya 14, mwandishi ameshatukumbusha mara tatu. Inabaki.

Mdomo pia. Binti sasa ana midomo mitano tu ya kubadilisha, mmojawapo umefungwa kabisa kwa ajili ya "m". "Mtu wangu, mbona umechelewa?" imetoka mara ya kwanza. Dogo aliicheza hadi saa nne usiku.

Wiki ya 19

Mwandishi ameanza kunisalimia, kwa sababu ana shida. Sura ya tano ya hadithi kuna jini, mwanamke anayemkaribisha Binti kwenye nyumba tupu ya mawe. Nimemchora kwa mtindo wetu mara sita. Kila mara anatoka mrembo au anatoka kichekesho. Watoto wa mtaani wamemwita shangazi harusi.

Wachongaji wa Mwenge wanapindua shetani na kumwacha binadamu alivyo. Mji wetu wote umeshapinduliwa. Nikawaza, nani amebaki wa kuachwa alivyo?

Nimefungua folda ya wiki ya 3.

Wiki ya 20

Ule uso wa zamani, poligoni zake zote 38,000, umeketi ndani ya chumba chenye taa moja ya mafuta, katikati ya mji wa watu wenye mistari safi. Sikugusa macho. Midomo dogo ameirudisha kwa ile programu ya mwanzo, na sasa "m" inayoachia mapema inafanya nywele za mkono zisimame. Anasema "Mtu wangu, karibu" na unataka kutafuta mlango.

Uso ulikuwa wa Binti Nahodha, kwa hiyo jini anafanana naye, kama dada aliyepigwa picha. Mwandishi alipoona hilo aliandika upya sura nzima usiku huohuo.

Shangazi ameletewa simu jana. Alimfikisha Binti mlangoni, akamwona mwenyeji, akageuza kioo kifudifudi juu ya meza na kuomba maji.

Yaliyobaki: fremu zinashuka hadi 14 ndani ya chumba kile, hivyo nashusha teksicha hadi 1024 na kuondoa vimishipa vya jicho ambavyo hakuna atakayeviona kwenye mwanga wa kandili. Kamera haiteremki chini ya kiuno, ila mchezaji akiinamisha kichwa mwenyewe itamlazimu kuona kitu. Kwato naanza kuzichonga Jumatatu.